Diski ya L5/S1 imetoka, napakia mbao Mafinga: nifanyiwe opresheni au nisubiri?

SWALI: "Shikamoo dokta. Nina miaka 34, napakia mbao hapa Mafinga. Hii ni wiki ya saba, tulikuwa tunanyanyua ubao mbichi na mwenzangu, akateleza mzigo wote ukaja kwangu, nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Mwanzo uliuma mgongo tu, baada ya siku chache maumivu yakashuka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, shavu la mguu mpaka kidole cha mwisho, nikikohoa ni shoti tupu. Pembeni ya unyayo kuna ganzi. Picha ya MRI imeonyesha diski ya L5/S1 (ile iliyo kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa chini yake) imetoka upande wa kulia na imekandamiza mshipa wa fahamu wa S1. Duka la dawa wamenichoma sindano za diklofenaki (ya maumivu) na deksa (deksamethasoni, ya steroidi) nyingi tu, navaa mkanda, na nimelala chini kwenye ubao mwezi mzima maana niliambiwa nisitikisike. Daktari mmoja kasema opresheni. Jirani anasema aliyekatwa mgongo hainuki tena. Kuna mzee anachua, anasema ataisukuma irudi. Nina watoto watatu. Nifanyeje, na je nitabeba mbao tena?"

Marahaba mdogo wangu, na kamwene. Pole sana, maumivu ya mguu yanayotoka mgongoni mtu ambaye hayajampata hawezi kuyaelewa, usiku unageuka huku na huku, mchana watu wanakuona mzima wa afya wanadhani unakwepa kazi. Umeeleza vizuri na imenisaidia, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, ila usisome umeinama kwenye kigoda, soma umesimama au umelala kwa tumbo.

Jibu fupi ni hili. Kwa ulivyoeleza opresheni sio lazima kwa sasa, mwezi wa kulala chini ndio uliokuchelewesha, mzee wa kuchua hana uwezo wa kurudisha diski na usimruhusu ajaribu, na mbao unaweza kuja kubeba tena ila sio kwa staili ile ile. Na kitakachoamua ukatwe au usikatwe sio karatasi ya MRI, ni mguu wako. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Mbeya, kisu sishiki, kwa hiyo sina sababu ya kukuvutia kwenye opresheni wala kukutisha nayo, nakwambia ninachokiona kwa wagonjwa na kile utafiti unachosema.

Kwanza kabisa kuna mambo ya dharura hukuyataja, jiulize sasa hivi. Je, mkojo unatoka vizuri, unahisi ukijaa, unahisi ukipita? Haja kubwa unaweza kuizuia? Ukijifuta chooni unahisi kama kawaida, au pale katikati, sehemu za siri na sehemu zote zinazogusa tandiko la baiskeli, pamekufa ganzi? Nguvu za kiume zimepotea ghafla tangu maumivu yaanze? Miguu yote miwili imeanza kulegea? Ukijibu vibaya hata moja kati ya hayo basi acha kusoma, nenda hospitali leo leo, usisubiri basi la asubuhi, manake pale chini mishipa inayoendesha kibofu na haja kubwa inakuwa imebanwa yote kwa pamoja na inatakiwa ifunguliwe haraka, ndani ya saa 48 au chini ya hapo, ikizidi mtu anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote. Ukifika mwambie daktari hivyo hivyo kwa maneno hayo ya mkojo na ganzi ya sehemu za siri, usiseme "mgongo unauma" tu, utapewa vidonge urudi nyumbani. Na kama pale ulipo hawana mpasuaji wa mgongo dai rufaa usiku huo huo, iwe Mbeya au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Haitokei kwa wengi, lakini kila mwenye diski na kila anayelala naye nyumba moja anatakiwa azijue dalili hizi.

Kama hilo halipo, twende kwenye mguu. Simama karibu na ukuta, gusa ukuta kwa vidole tu usiuegemee, simama kwa mguu wa kushoto peke yake alafu panda juu kwa vidole kisigino kikiwa hewani, shuka, panda tena, mpaka kumi. Sasa fanya mguu wa kulia. Mshipa wa S1 ndio unaoendesha msuli wa shavu la mguu, ule unaokusukuma mbele ukitembea, kwa hiyo kama kushoto unapanda kumi bila shida na kulia unakwama ya tatu, au kisigino hakiinuki kabisa, huo ni udhaifu wa kweli na hayo sio maumivu tu. Alafu tembea hatua kadhaa kwa visigino, vidole vikiwa juu, hapo tunapima mshipa wa L5 ambao ni jirani yake. Andika matokeo kwenye karatasi na tarehe, rudia kila baada ya siku tatu.

Ganzi peke yake pembeni ya unyayo isikunyime usingizi, ni kawaida kwa S1 na huwa ndio ya mwisho kuondoka, miezi mingi baada ya maumivu kwisha, wengine inabaki kidogo na wanaishi nayo vizuri. Tunachokiogopa ni nguvu kupungua. Ukiona wiki hii unapanda kumi, wiki ijayo sita, inayofuata mbili, hapo muone daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, usije kuniuliza mimi tena wala mtu mwingine. Lakini nguvu ikiwa pale pale au inapanda, una muda, na muda ndio dawa kubwa ya tatizo hili.

Kwa nini nasema muda ni dawa? Diski imejengwa kama tairi, pembeni kuna tabaka za nyuzi ngumu zilizopishana na katikati kuna ute mzito wenye maji mengi. Siku ile mzigo ulivyokuja kwako umeinama na umejipinda kidogo, nyuzi za nyuma pembeni zikachanika, ute ukapenya ukatoka, na pale ndipo mshipa wa S1 unapopita. Mshipa unauma kwa sababu umebanwa, lakini pia kwa sababu ule ute una kemikali zinazouchoma na kuuvimbisha, ndio maana wiki za kwanza ni moto hasa, alafu moto unapoa hata kabla ute haujaondoka. Na ute wenyewe unaondoka. Kilichotoka nje mwili unakiona ni kitu kigeni, chembe za kinga zinakivamia zinakila kidogo kidogo na kingine kinakauka kwa kupoteza maji. Mwaka 2015 kuna watafiti walikusanya tafiti za watu waliorudia kupiga picha, wakakuta vipande vilivyotoka vikakatika kabisa kutoka kwenye diski vilipungua au kuisha kwa asilimia 96 ya watu, vilivyotoka bila kukatika asilimia 70, na zile diski zilizovimba tu asilimia 13. Umeona ilivyo? Ile ambayo kwenye karatasi inaonekana mbaya zaidi ndio mwili unaila vizuri zaidi. Mtu akikuonyesha picha akakwambia "angalia ilivyotoka kubwa hii" usikate tamaa.

Na usiiabudu ile picha. Kuna tafiti nyingine zilizokusanya picha za watu zaidi ya 3,000 ambao HAWANA maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta wa miaka 20 asilimia 30 tayari wana diski iliyovimba, wa miaka 50 ni asilimia 60, wa miaka 80 ni 84. Wazee wanaolima vizuri tu kule Makete na Rungwe ukiwapiga MRI wengi wao utapata karatasi za kutisha. Kwako wewe picha ina maana kwa sababu inalingana na mguu, S1 kulia kwenye karatasi na S1 kulia kwenye mwili, ila kuna watu wanauma kushoto picha inasema kulia na bado wanajiandaa kukatwa, hao nawaomba warudi kwanza wakapimwe kwa mikono.

Sasa opresheni. Jirani yako anasema aliyekatwa hainuki, na hofu hii naikuta kila siku, mpaka watu wanaohitaji kweli wanakimbia wanaishia kupoteza mguu. Uti wa mgongo wenyewe, ule waya mkuu, kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili za juu za kiuno, L1 au L2, chini ya hapo kinachoendelea ni fungu la mishipa midogo midogo inayoning'inia ndani ya mfuko wa maji. Wewe tatizo lako lipo L5/S1, pingili kadhaa chini ya mwisho wa uti. Mpasuaji anaingia kwa kidirisha kidogo nyuma, anausogeza mshipa pembeni, anatoa kile kipande kilichotoka tu, diski nyingine inabaki mahali pake. Hatari zipo, siwezi kukuficha, kuna maambukizi, kuna mfuko wa maji kutoboka, kuna mshipa kujeruhiwa, na kuna diski kutoka tena baadae pale pale, hiyo inawapata kama 5 mpaka 10 katika kila 100. Ila kupooza miguu yote kwa kazi ya L5/S1 ni nadra mno.

Lakini faida yake ni ipi hasa? Uholanzi walichukua wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu ya wiki 6 mpaka 12, yaani watu kama wewe kabisa, nusu wakakatwa mapema, nusu wakaambiwa subirini na mtibiwe bila kisu, ikishindikana ndio mkatwe. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Waliokatwa mapema walipata nafuu haraka zaidi, hilo halina ubishi. Ila baada ya mwaka mmoja pande zote mbili asilimia 95 walisema wamepona, na kwenye wale wa kusubiri asilimia 39 ndio waliishia kukatwa, wengine wote hawakuguswa. Upande wa pili kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2020, watu 128 ambao mguu ulikuwa umewauma miezi 4 mpaka 12, hapo waliokatwa walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao baada ya miezi sita. Mimi nikiviweka pamoja nakushauri hivi: una wiki saba na wiki nne kati ya hizo umelala, kwa hiyo matibabu yenyewe bado hujayaanza. Fanya mazoezi ya kweli, nitakayokueleza hapa chini, kwa wiki sita, saba hivi. Ukifika mwezi wa nne tangu uumie mguu bado unakunyima usingizi na hutembei, nenda kwa mpasuaji bila kuona aibu wala kuona umeshindwa, usije ukang'ang'ana mwaka na nusu kwa ajili ya maneno ya jirani. Na elewa kwamba opresheni hii inatibu MGUU. Mtu ambaye mguu haumi, anaumwa kiuno tu, mara nyingi anakatwa na kiuno kinabaki vile vile.

Kulala ubaoni acha leo. Siku mbili za kwanza mtu akilala ni sawa, amezidiwa, zaidi ya hapo misuli inanyong'onyea, mshipa unakakamaa, na diski yenyewe ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani, inalishwa kwa kubanwa na kuachiwa, chakula kinaingia na taka zinatoka wakati unatembea na kubadilisha mkao. Ukiilaza mwezi mzima unainyima chakula. Na huo ubao wenyewe haukuwa na haja, Hispania walilinganisha magodoro kwa watu 313 wenye mgongo wa muda mrefu na la ugumu wa kati likalishinda lile gumu. Na kwa baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita na wa saba kulala chini ni kujitesa tu. Baridi haitoi diski, hilo pia niliseme kwa sababu wengi wanaamini, ila inakaza misuli na maumivu yanaongezeka, kwa hiyo vaa sweta refu lifunike kiuno na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa ikae kiunoni dakika 15 au 20, inasaidia.

Mkanda uvae ukipanda gari au ukiwa na shughuli ya kusimama, saa moja au mbili, nyumbani vua. Haujengi kitu, unakukumbusha tu usiiname.

Sindano sasa, hapa naomba unielewe vizuri manake hapa ndipo watu wanaharibikiwa. Diklofenaki inapunguza maumivu lakini haiponyeshi diski, na ukiichoma kila wiki ukaongeza na vidonge vyake na ibuprofeni juu yake unajitafutia vidonda vya tumbo, presha na figo. Vidonge kwa muda mfupi, aina moja tu, baada ya kula, kwa dozi uliyoandikiwa na mtu aliyekupima presha, basi. Deksa za mtaani za kurudia rudia zinapandisha sukari, zinashusha kinga na kulainisha mifupa, mtu anajisikia vizuri siku tatu anadhani amepona. Na sindano ya tako ikichomwa vibaya inaweza kuupiga mshipa mkubwa wenyewe unaoshuka mguuni, nimeona mtu ameingia duka la dawa na maumivu ya mgongo akatoka anaburuza mguu. Kuna pia pregabalini, siku hizi inaandikwa sana kwa "mishipa", Australia waliijaribu kwa watu 209 wenye maumivu haya haya na mwaka 2017 wakatoa majibu kwamba haikuishinda dawa ya bandia, kizunguzungu tu ndio kiliongezeka. Kama unaitumia na unaona inakusaidia kulala usiikate ghafla, ongea na aliyekuandikia, ila kama huna usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Mzee wa kuchua, akikupaka mafuta na kukukanda taratibu misuli ya kiuno na tako kwa sababu imekaza, sawa, utapata usingizi. Ila kukukanyaga mgongo, kukupandisha mtoto mgongoni, kukupinda huku na huku mpaka palie, hapana. Ute uliotoka hausukumwi kwa dole gumba, upo chini ya misuli, chini ya mfupa, upande wa ndani kabisa. Anachoweza kukifanya kwa nguvu ni kuongeza kilichotoka.

Sasa mazoezi yenyewe. Tandika godoro au mkeka, lala kifudifudi mikono pembeni, uso umegeuka upande wowote, kaa dakika mbili tatu upumue. Kama mguu unawaka weka mto chini ya tumbo, kesho upunguze. Ukizoea jiinue kwa viwiko, kifua juu, kiuno kibaki kimelala, dakika mbili. Ukizoea hapo weka viganja usawa wa mabega nyoosha mikono ujisukume juu, mapaja na nyonga zibaki chini zimelegea kabisa, usikaze makalio, shuka. Mara kumi, na urudie kila baada ya saa mbili au tatu mchana. Njia hii ilienezwa na Robin McKenzie, mtu wa fiziotherapia wa New Zealand, kuanzia miaka ya 1950, na siri yake ni kufuatilia maumivu YANAENDA WAPI. Kama yanatoka kwenye shavu la mguu yanapanda kwenye paja, kesho yanabaki kwenye tako, keshokutwa kiunoni tu, unapona, hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi ya jana. Wengi wanaacha hapo kwa sababu kiuno kimeongezeka na hawajui ndio dalili nzuri. Kinyume chake, kama kila ukijisukuma maumivu yanashuka kuelekea kidoleni au ganzi inapanuka, acha zoezi hilo, sio la mgongo wako kwa sasa, nenda ukapimwe na mtu wa fiziotherapia akutafutie zoezi la upande unaokufaa.

Kutembea ni nusu ya dawa. Anza dakika kumi, mara nne kwa siku, barabara tambarare, viatu vya kufunga, kandambili acha nyumbani. Kila baada ya siku chache ongeza dakika tano. Mguu utauma kidogo, hilo linavumilika, kipimo ni kwamba ukirudi maumivu yatulie ndani ya nusu saa, na kesho asubuhi usiwe mbaya kuliko leo. Ukizidisha punguza, usiache.

Alafu kuna zoezi la kuutelezesha mshipa. Kaa kwenye kiti umenyooka, nyoosha goti la kulia taratibu na wakati huo huo inua uso uangalie juu, kunja goti na wakati huo huo inamisha kidevu. Yaani ukiuvuta chini unaulegeza juu, ukiulegeza chini unauvuta juu. Mara kumi, polepole, asubuhi na jioni, bila kufika pale panapochoma. Usifanye ile ya kunyoosha mguu na kujivuta vidole mpaka machozi yatoke, unauchokoza mshipa ambao tayari una hasira.

Mguu ukishatulia, wiki ya tatu au ya nne hivi, ndio tunaanza kujenga: kulala chali magoti yamekunjwa na kuinua kiuno, kupiga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa ukanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili bila mgongo kuyumba, na kujiinua kwa ubavu ukiegemea kiwiko. Sekunde kumi kumi, kila siku. Hayo ya kukaa na kujikunja tumbo kama watu wa jimu yasahau.

Mambo madogo ya nyumbani yanabeba uzito kuliko watu wanavyodhani. Usiku diski inanyonya maji inavimba, ndio maana asubuhi mtu ni mrefu kwa sentimita moja hivi kuliko jioni, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndio diski ina shinikizo kubwa ukiinama, kwa hiyo usiamke ukainama kufagia, kuchota maji au kufunga kamba za viatu, tembea tembea kwanza. Kutoka kitandani geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kulala, ubavu na mto katikati ya magoti, au chali na mto chini ya magoti. Choo cha kuchuchumaa kwa sasa ni adui yako, mgongo unajikunja wote na bado unajikamua, kama kuna choo cha kukaa kwa jirani omba, kama hakuna tafuta kiti ukitoboe katikati ukiweke juu ya tundu, na hakikisha choo ni laini, maji ya kutosha, mboga, maparachichi tunayo tele huku. Tramadoli na kodeini zinafunga choo, kama unatumia kunywa maji mara mbili ya kawaida. Ukitaka kupiga chafya simama, weka mkono ukutani, nyoosha mgongo nyuma kidogo. Kwenye basi viringisha taulo liweke nyuma ya kiuno, na gari likisimama shuka utembee, kama ni safari ya Dar usikubali kiti cha nyuma kabisa kinachorusha. Bodaboda ya barabara ya vumbi iache mpaka mguu utulie. Na tendo la ndoa halijakatazwa, wengi wanaogopa kuuliza, mkao wa ubavu au wewe ukiwa chini umelala chali mwenzako akafanya kazi, bila haraka.

Wengine mnaosoma hapa ambao sio kama huyu ndugu, ambao hamkunyanyua kitu, mgongo umeanza wenyewe taratibu, unauma zaidi usiku ukiwa umelala, kuna homa za jioni, jasho la usiku, unakonda, au kuna nundu imeanza kutokeza katikati ya mgongo, msifuate maelekezo haya. TB inashika pingili za mgongo, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ambayo maambukizi ya VVU yapo juu tunaiona. Dawa zake ni bure, ikiwahiwa mtu anapona bila kibyongo. Pia kuna homa inayotokana na maziwa mabichi, ile ya kutupa mimba kwa ng'ombe, nayo inakaa mgongoni. Na yeyote aliyewahi kutibiwa saratani mgongo ukaanza aende kupimwa.

Kuhusu mbao. Ndio, utabeba, ila usirudi kabla ya wiki kama 12 tangu uumie hata kama umejisikia vizuri, nyuzi zilizochanika zinaziba kwa kovu na kovu linakomaa polepole kwa miezi. Kipimo changu cha kurudi ni hiki: visigino vyote viwili vinapanda sawa, unatembea dakika 40 bila mguu kulalamika, na unaweza kunyanyua ndoo ya lita 10 kutoka chini mara kumi bila kitu kushuka kwenye paja. Anza na mbao kavu fupi, manake ubao wa paini mbichi unaweza kuwa na uzito karibu mara mbili ya ule uliokauka, alafu mwezi mmoja baadae ndio uguse mbichi. Mzigo uwe umeshikana na mwili, geuka kwa kusogeza miguu, usipinde kiuno na mzigo ukiwa mkononi, na mkibeba wawili mmoja ahesabu kwa sauti, "moja, mbili, juu", na mkubaliane kabisa kwamba akiteleza mmoja WOTE mnaachia. Ubao ukivunjika unanunuliwa mwingine. Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 lilipendekeza mzigo wa mtu mmoja mwanaume ukizidi kilo 55 upunguzwe, Wamarekani kwenye hesabu zao wanaanzia kilo 23 na hapo mazingira yawe mazuri kabisa, alafu sisi huku gunia la viazi la lumbesa linapita kilo 100 na linakwenda mgongoni kwa mtu mmoja. Hilo linaniumiza moyo, kwa sababu vijana wanaokuja kwangu wengi migongo yao haikuwa dhaifu, walibebeshwa tu.

Kama bosi wako amekuajiri, hata kwa mkataba mdogo, ajali hii ilitokea kazini na anatakiwa aitolee taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwambie mapema, na utunze karatasi zako zote za hospitali. Na wakati unasubiri muombe kazi ya kupima na kuhesabu mbao, kazi ya kusimama na kutembea, usikae nyumbani bila kipato ukiwaza, mawazo nayo yanaongeza maumivu, hilo limepimwa na kuonekana.

Fanya haya wiki mbili, kuanzia leo jioni na ile ya kulala kifudifudi. Alafu niandikie vitu viwili tu: kisigino cha kulia kinapanda mara ngapi, na maumivu ya mwisho kabisa chini yamefika wapi, kidoleni, shavuni, pajani au takoni. Hapo nitakwambia tuongeze nini. Na kama ulipo Mafinga kuna mtu wa fiziotherapia nenda akakuone kwa macho wiki hii, akupime mwenyewe, mimi kwa maandishi siwezi kuugusa mguu wako.